Maua ya uani si anasa

Mvua zinapoelekea ukingoni, Aprili na Mei, nyua za Gwarama na vijiji vingine vya nyanda za juu za Kigoma hupendeza kuliko wakati mwingine wowote. Mahindi yanakaukia shambani, na mwenye nyumba anapopumzika jioni anatazama mawaridi na bogenvilia mlangoni pake. Hata hivyo, bado wapo wanaodai kuwa maua ni mambo ya mjini na ya wenye nafasi.

Fikra hiyo haina budi kubadilika. Kwanza, furaha nayo ni mavuno. Familia iliyoshika jembe tangu Oktoba ina haki ya kuwa na kitu kizuri kisichopimwa kwa debe. Hata mama lishe anayepanda maua mbele ya kibanda chake anajua kwamba mteja huvutwa na macho kabla ya kuuliza bei.

Pili, maua hulisha nyuki. Kibondo na Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012 na ndiyo yenye Gwarama, zina wafugaji wengi wa nyuki. Nyuki hao hao ndio wanaozalisha maboga, kwa kuwa mmea wa boga una maua dume na maua jike mbalimbali. Chavua isipohamishwa na mdudu, ua jike hunyauka na kudondoka. Maua machache ya uani hayatajaza mzinga, wala mzinga haufai kuwekwa karibu na nyumba, lakini huwavuta nyuki hadi kwenye bustani ya mboga.

Tatu, alizeti pori, yenye maua ya njano na inayopandwa kama wigo, ni mbolea. Majani yake makavu yana nitrojeni ya takriban asilimia 3.5 na huoza haraka yakifukiwa. Sehemu ya wigo ikatwe kwa mbolea na nyingine iachwe ichanue, ila ipunguzwe kabla mbegu hazijakauka, maana huenea ovyo.

Lipo suala la maji, nalo si dogo. Kiangazi, ndoo hubebwa kichwani na mama au binti, na hakuna ua linalostahili kumwongezea safari ya kisimani. Yatumike maji yaliyooshea mboga, na ipandwe mimea inayostahimili ukame kama bogenvilia.

Kinachosikitisha ni tabia ya kufyeka kila kinachochanua kwa jina la usafi, na kupulizia dawa za wadudu mchana wakati nyuki wako kazini. Anayelazimika kupulizia asubiri jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Mkulima akumbuke kwamba nyuki naye hufuata ua.