Kabla Hujatoa Mkono, Uliza Sindano Imetoka Wapi



Mtoto akishikwa na homa usiku, mzazi halali. Asubuhi unakwenda kituo cha afya, unakaa kwenye foleni, na saa sita unarudi na vidonge vichache. Jirani anakuambia: "Vidonge tu? Mpeleke kwa yule wa nyuma ya soko, atamchoma sindano moja, jioni atakuwa anacheza." Sikulaumu ukishawishika. Hata mimi, kabla sijawa mhudumu wa afya ya jamii, nilimshika mwanangu mkono achomwe sindano ya namna hiyo, wala sikuuliza ilitoka wapi. Leo nakuomba usifanye kama mimi.

Sisi tuliotoka Kongo tuna sababu ya kulijua jambo hili. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, wauguzi waligawiwa sindano 5 tu kila asubuhi kwa kazi ya siku nzima. Sindano ikitoka kwa mgonjwa mmoja, ilisuuzwa kwa maji ya moto kidogo, kisha ikamchoma mwingine. Kati ya wagonjwa waliingia watu wenye virusi vya Ebola, ugonjwa ambao haukuwa na jina bado. Wajawazito waliokwenda kliniki wakiwa wazima walirudi nyumbani na kifo. Waliougua walikuwa 318, wakafa 280. Watumishi wa hospitali walikuwa 17, wakafa 11. Hospitali ilipofungwa, maambukizi yakaanza kupungua.

Watumishi wale hawakuwa watu wabaya. Walikosa vifaa, na wagonjwa walipenda sindano.

Usiseme hayo ni ya zamani. Ukimwi umeisumbua dunia kwa zaidi ya miaka 40, na virusi vyake hupita katika sindano iliyotumika. Homa ya ini aina ya B na C nazo hupita humo humo. Virusi vya homa ya ini B huweza kukaa hai siku 7 katika tone la damu lililokauka, usilolione kwa macho. Mwaka 2019, huko Ratodero nchini Pakistan, mamia ya watoto walikutwa na virusi vya Ukimwi, na wengi wao mama zao hawakuwa navyo. Sindano zilizorudiwa zilikuwa sababu kubwa. Wazazi wao waliwapeleka kutibiwa homa, kama wewe na mimi.

Kwa maoni yangu, adui yetu wa kwanza ni imani kwamba bila sindano hujatibiwa. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge vya dawa mseto, ukivimaliza vyote. Anayehitaji sindano ni mtoto anayepata degedege, aliyezimia au anayetapika kila kitu. Huyo mkimbize kituoni, usimpeleke nyuma ya soko.

Wala sisemi uogope kila sindano. Sindano za chanjo zimetengenezwa zijifunge zikishatumika mara moja, haziwezi kurudiwa. Usimnyime mtoto chanjo kwa hofu.

Ninachosema ni hiki: uliza, na utazame.

- Pakiti ifunguliwe mbele yako, ikiwa haijachanika.
- Sindano na bomba lake vyote viwe vipya. Kubadilisha sindano peke yake hakutoshi.
- Ikishatumika, itupwe papo hapo kwenye boksi la sindano, isirudi mezani.
- Ukiambiwa "nimeichemsha", kataa. Bomba la plastiki ni la mtu mmoja, mara moja.

Kumbuka pia wembe wa kuchanjia chale na wa kukatia kitovu. Damu ni ile ile.

Utasema, "Muuguzi atakasirika." Muuguzi anayejua kazi yake hatakasirika, maana sindano hiyo inaweza kumchoma yeye pia. Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki yako, mkimbizi kama raia.

Na sisi tunaofanya kazi ya afya tuna deni. Tukimpa mama vidonge bila kumweleza kwa nini havihitaji kusaidiwa na sindano, sisi wenyewe tunamsukuma kwenda nyuma ya soko. Tumweleze, hata foleni ikiwa ndefu.

Ukichomwa kwa bahati mbaya na sindano iliyotumika, osha kwa maji na sabuni, usikamue, kisha uje kituoni siku hiyo hiyo. Kuna dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, lakini lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita.

Tulivuka mpaka tukiwa tumewabeba watoto hawa mgongoni. Tusiwapoteze kwa sindano ambayo tungeweza kuiuliza imetoka wapi.