Siku tano za kurudisha jina: mbona ni za muuzaji peke yake?

Leo tuongelee jambo linalowagusa wengi wetu tunaohangaika na vibiashara hapa ughaibuni: kununua jina la tovuti.

Wengi hawajui kwamba jina la .com likishasajiliwa, kuna siku tano ambazo muuzaji anaweza kulifuta na kurudishiwa pesa na msajili mkuu. Msajili mkuu wa .com ni Verisign, na ni jirani zetu tu: toka Lanham, shika Beltway, vuka Potomac, nenda Reston, Virginia. Siku hizo ni nafasi ya kurekebisha makosa, kama herufi iliyorukwa au malipo yaliyofanywa kwa kadi ya wizi.

Wajanja wakazigeuza shamba la bibi! Katikati ya miaka ya 2000 walisajili majina kwa mamilioni, wakayabandika matangazo, wakaangalia yapi yanaleta hela, na kabla siku ya tano haijaisha wakarudisha mengine yote bure. Januari 2008 ikaja ya Network Solutions, wakati huo ikiwa Herndon, hukohuko Virginia. Ukitafuta jina kwenye tovuti yao, walilishikilia hadi siku nne, hivyo hukuweza kulinunua kwa muuzaji mwingine. Wao walisema wanamlinda mteja. Mwezi uliofuata wakafunguliwa kesi.

ICANN, inayosimamia majina haya duniani, ikaamka. Mwaka 2008 ikaanza kutoza senti 20 kwa kila jina lililorudishwa kupita kiwango. Aprili 2009 ukaja utaratibu mpya: muuzaji harudishiwi pesa kwa majina yanayozidi asilimia 10 ya aliyosajili mwezi huo, au majina 50, kutegemea ipi ni kubwa. ICANN ikatangaza kwamba urudishaji umeshuka kwa asilimia 99.7. Hapo nawapongeza.

Lakini mimi na wewe je? Siku hizo tano ni makubaliano ya muuzaji na msajili mkuu. Hazimlazimishi muuzaji akurudishie WEWE pesa yako. Kuna dada hapa Lanham anayepika vyakula vya sherehe. Kijana aliyemsaidia kununua jina akaruka herufi moja. Kesho yake asubuhi wakapiga simu, wakajibiwa kuwa mauzo ni ya mwisho. Ikabidi anunue jina la pili. Sasa fikiria: muuzaji huyo, kama hajapita kiwango chake, anaweza kulifuta lile la kwanza, akarudishiwa pesa yake, na ya dada akabaki nayo. Hii ni haki kweli jamani?

Msitegemee sana sheria za hapa. Kanuni ya FTC inayompa mnunuzi siku tatu za kubadili mawazo inahusu hasa wanaouza majumbani kwa watu, na haigusi manunuzi ya kwenye intaneti. Wenzetu wa Ulaya tangu 2014 wana siku 14 kwa manunuzi mengi ya mtandaoni, japo nazo zina masharti yake.

Wauzaji watasema tukirudishiwa sote, ule mchezo wa zamani utarudi. Sikubali. Yaliyotokea 2008 na 2009 yameonyesha kwamba kiwango kikiwekwa, mchezo unakufa. Basi kila mnunuzi apewe haki ya kurudisha jina moja au mawili kwa mwaka, ndani ya siku hizohizo tano, na ICANN iiweke kwenye mikataba yake na wauzaji. Kama hilo ni gumu, basi iandikwe kwa herufi kubwa kabla mtu hajalipa: PESA HAIRUDI.

Mpaka hapo itakapofika, someni masharti kabla ya kutoa kadi, na jina mlisome kwa sauti, herufi kwa herufi, mkiwa wawili. Dola kumi na tano si nyingi kwa tajiri, lakini kwa anayeanza ni mafuta ya gari ya kupelekea chakula.

Au mimi ndiye naona vibaya? Mnasemaje wadau?

Tuko pamoja.