CHOKAA SI DAWA YA UKUTA WENYE MAJI



Mara nyingi twasema juu ya mshahara, na ni haki, maana mshahara ndio chakula. Leo twataka kusema juu ya ukuta. Mtu aliyechuma chai kutwa nzima mvuani hurudi nyumbani ili akauke. Akikuta ukuta nao umelowa, amepumzika wapi?

Nchi yetu ya Kericho na Bomet hupata mvua nyingi kwa mwaka, na nyingi huja alasiri, nyingine na mawe. Ndiyo inayokuza chai, nasi hatuilaumu. Lakini kwa mvua hiyo udongo hukaa na maji, na ziko nyumba za zamani ambazo ukuta wake ulikalishwa juu ya msingi bila kizuizi chochote katikati. Mawe, matofali na udongo wa kujengea vina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hivyo hufyonza maji kutoka chini, kama utambi wa taa ufyonzavyo mafuta.

Alama zake ni hizi. Unyevu huanzia sakafuni na kupanda hata kimo cha mita moja hivi, ukaacha mstari wa rangi ya kahawia na unga mweupe wa chumvi. Plasta huvimba, kisha humeguka. Unyevu ulio juu karibu na dari ni wa paa linalovuja. Ukungu mweusi wa pembeni, mara nyingi ni mvuke wa kupika na pumzi za watu wengi katika chumba kisichopata hewa. Kila ugonjwa una dawa yake. Yafaa mtu atazame kwanza kabla ya kushtaki.

Sasa tutazame desturi ya kambi nyingine. Wageni wakubwa wakitarajiwa, hupita watu na ndoo za chokaa, na nyumba zote hung'aa. Mvua chache baadaye, mstari umerudi pale pale. Chokaa yenyewe haina ubaya, kwani huacha ukuta upumue. Ubaya ni kuiandika kitabuni kuwa ni matengenezo. Na kupiga plasta nzito ya simiti, au rangi ya mafuta, ni vibaya zaidi: maji yakikosa njia ya kutoka hupanda juu zaidi.

Dawa ya kweli huanzia nje. Mabati yawekewe mifereji, maji ya paa yasianguke chini ya ukuta. Udongo uliorundikana ukutani uondolewe, ardhi iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 au zaidi. Uchimbwe mtaro wenye mteremko. Ndani, plasta iliyooza ibanduliwe kupita ule mstari, ukuta uachwe ukauke, ndipo upigwe plasta ya chokaa na mchanga. Hili lataka subira: mafundi huhesabu kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Ukuta usio na kizuizi waweza kutobolewa matundu kwa mstari karibu na sakafu, na kutiwa dawa ya kuzuia maji. Na nyumba mpya zisijengwe kamwe bila nailoni nene au kizuizi cha lami kati ya msingi na ukuta. Siku ya kujenga, kazi hiyo ni ndogo. Baadaye ni kubwa.

Ni juu ya nani? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa kwa gharama ya mwajiri, au amlipe fedha za kutosha za kodi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yataja haki ya makao ya kutosha. Nyumba inayomlowesha mtoto usingizini si ya kufaa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2009 kwamba unyevu na ukungu wa nyumbani huambatana na pumu na maradhi mengine ya kifua.

Tutaambiwa kwamba sisi wenyewe twafunga madirisha na kupika ndani. Juu ya mvuke, pana ukweli kidogo. Lakini hakuna sufuria iwezayo kupandisha maji kutoka msingini. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 kwa sababu ya ukungu wa nyumba ya kupanga. Baba yake alikuwa amelalamika, na wenye nyumba wakadhani sababu ni maisha ya jamaa ile. Mwaka 2023 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuwawekea wenye nyumba za namna ile muda wa kutengeneza.

Nasi twataka muda. Mapatano yajayo na waajiri yaseme: siku ngapi za kukagua baada ya malalamiko, siku ngapi za kutengeneza, na kwamba chokaa peke yake haihesabiwi.

Kwa upande wetu, tusirundike udongo ukutani wala kuziba mitaro. Kila mwenye ukuta wa namna hii aandike namba ya nyumba, kimo cha mstari kwa futi ya kupimia, na tarehe; ampe mwakilishi wa chama wa kambi yake, naye abaki na nakala. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Ufa huu uko chini ya sakafu, na mwenye nyumba ni mwajiri.