Mkaa wa Bei ya Kutupwa



Mwezi huu nataka tuongee habari za mkaa. Najua wapo watakaosema, "Mama, siku hizi ni gesi." Ni kweli. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi, ili ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia jikoni. Hata mimi ninao mtungi wa kilo 6. Lakini mtungi ukiisha tarehe 20 na baba watoto hajapokea mshahara, maharage hayasubiri. Wengi wetu bado tunanunua mkaa, na tunaununua vibaya.

Kwa miaka mingi nilinunua kopo moja kila jioni, shilingi 1,000. Siku moja nikapata gunia kwa shilingi 25,000, nikakaa uani nikalipima kopo kwa kopo. Makopo 41, mbali na chenga za chini! Maana yake ni kwamba kila nilipomaliza mkaa wa gunia zima kwa njia ya kopo, nilikuwa nimepoteza shilingi 16,000. Daftari za watoto hizo, na sukari ya wiki kadhaa.

Basi nikajiona mjanha wa soko. Lakini lile gunia, mama mwenzangu, lililetwa kwa baiskeli kabla ya mapambazuko, na aliyelileta alikuwa na haraka ya kuondoka. Sikumwuliza limetoka wapi. Nilijua nikiuliza nitaharibu bei.

Miezi michache baadaye nilikwenda Kilosa mjini kwenye semina ya akina mama, kwa ile njia inayopita Ulaya. Ndani ya basi niliketi na mama mmoja wa vijiji vya huko, nikamsimulia kwa majivuno habari za gunia langu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mkaa wako huo haukulipa hata senti kijijini. Sisi wa kwetu umejenga."

Alichonieleza si hadithi. Tangu mwaka 2012, mashirika ya TFCG na MJUMITA yalishirikiana na vijiji vya wilaya hii, kama Ulaya Mbuyuni, Ihombwe na Kitunduweta, kutenga misitu ya vijiji na kupanga uchomaji wa mkaa. Eneo la kuvuna hugawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50. Kimoja kikikatwa, cha jirani huachwa. Visiki having'olewi, huachwa vichipue, na mpango ni kwamba kitalu kilichokatwa kirudiwe baada ya miaka 24. (Binti aliyezaliwa mwaka huo atakuwa na watoto wake!) Kandokando ya vijito na kwenye miteremko mikali hawakati. Mchomaji hulipa ushuru wa kijiji kwa kila gunia, na fedha hizo zimesaidia ujenzi wa madarasa na ofisi za vijiji. Baadaye mpango ukaenea hata Mvomero na Morogoro.

Nilinyamaza. Tulipoingia Kilosa tukavuka Mkondoa, na hakuna mwenyeji asiyekumbuka mwisho wa Desemba 2009, mto huo ulipovunja kingo, maji yakaingia majumbani, maelfu ya watu wakaanza mwaka 2010 kwenye mahema, na reli ya kati ikakatika. Sisemi gunia langu ndilo lililoleta mafuriko. Mvua ilikuwa kubwa. Lakini mlima uliovuliwa miti hushusha mchanga, na mto uliojaa mchanga hauna mahali pa kuweka maji.

Sasa tunanunua watatu, majirani wa jumuiya moja. Kila mmoja huweka shilingi 2,500 kwa wiki, na baada ya wiki nne tunazo 30,000. Tunatafuta muuzaji mwenye stakabadhi ya ushuru wa kijiji. Aliyelipa haoni taabu kuionyesha, na anayekasirika ukiiulizia umeshamjua. Ndiyo, gunia lake limezidi lile la gizani kwa shilingi 5,000. Hata hivyo bado ni 11,000 chini ya bei ya kopo kwa kopo. Kila mtu anapata makopo 13, na mawili yanayobaki ni ya yule anayelitunza gunia.

Kabla ya kulipa, fungua gunia uingize mkono hadi chini, kwa maana juu hupangwa vipande vizuri na chini hufichwa chenga, wakati mwingine hata mawe. Mkaa ulioiva vema ukigongwa hulia kama kigae, na ukiwashwa hautoi moshi mwingi.

Nyumbani, loweka maharage tangu usiku na funika sufuria. Chakula kikiiva usiache makaa yajimalize: yatie kwenye chungu kikuukuu chenye kifuniko yazimike, kesho yatachemsha chai. Chenga nazo usimwage. Changanya na uji mwepesi wa muhogo, finyanga madonge, anika juani siku tatu au nne. Yanawaka polepole, yanafaa sana kwa makande.

Zamu hii gunia limehifadhiwa kwangu, na wenzangu wameshanionya kwamba watayahesabu makopo.