Buhemba kuna mashimo tu?

"Ukishafika Butiama, historia ya Mara umeimaliza." Aliyesema hivyo ni mtu mzima, mwalimu wa historia, akiwapanga wanafunzi ndani ya basi la ziara. Mtoto mmoja aliuliza kama watapitia Buhemba, kwa kuwa ndiko kwao. Akajibiwa: "Buhemba kuna nini? Mashimo tu."

Mashimo tu! Na huyo ndiye anayesahihisha mitihani.

Sina ugomvi na Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama. Yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule aliotutoka, na kila Mtanzania mwenye nauli aende, apande hadi Mwitongo, asimame kaburini. Ninachogombana nacho ni imani kwamba historia ni kile kilichofungiwa kwenye kabati la kioo, tena kiwe cha mkubwa. Zawadi aliyoitoa rais wa nchi fulani ni historia. Jasho la mchimba dhahabu wa Buhemba ni vumbi, lifagiliwe.

Mwaka 1934 kijana Kambarage Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma. Miaka hiyohiyo ya 1930 dhahabu ya Musoma ilikuwa ikichimbwa na Wazungu, na Buhemba ilikuwemo. Mkoloni alitaka kodi, kodi ilitaka shilingi, na asiyekuwa na ng'ombe wa kuuza aliifuata shilingi hiyo mgodini. Huo ndio ukoloni aliokua akiuona mtoto wa Chifu Burito, kwao hapohapo. Sasa nielezeni: mtamfundishaje mwanafunzi kwamba Mwalimu alipinga unyonyaji, huku mkimvusha kwa basi mahali unyonyaji ulipokuwa na lango, mnyapara na daftari la mishahara?

Tena mambo ya Buhemba hayakuishia kwa Mwingereza. Wako wanaoikumbuka Meremeta? Kampuni ilichimba dhahabu Buhemba, serikali yetu ikiwa na mkono wake humo, na wabunge walipotaka kujua fedha zilikwenda wapi wakaambiwa hayo ni mambo ya jeshi na usalama. Sijaona somo la uraia linaloyashinda mashimo yale.

Kuna wanaosema mashimo ni hatari, watoto watatumbukia. Watu haohao kila mwaka huwapeleka watoto Serengeti kutazama simba. Nadhani simba ana kibali cha Wizara ya Elimu. Na hizo ziara zenyewe! Mzazi anachangishwa hadi anauza jogoo, mtoto anarudi ameona mkia wa nyati dirishani na kunywa soda ya moto. Insha atakayoandika ni ya wanyama, kana kwamba mkoa huu haujawahi kukaliwa na watu.

Hakuna anayedai watoto washushwe kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji. Wasimame juu, mbali na ukingo, waoneshwe matimba yanayozuia udongo usiwafukie wachimbaji, wasikie karasha likisaga mawe, waelezwe zebaki inafanya nini mwaloni, dhahabu inakooshewa, na inamfanya nini anayeishika kwa mikono mitupu. Kisha wazee waliofanya kazi mgodini waitwe wakiwa bado hai, wakae kwenye viti, waulizwe, warekodiwe.

Kazi hiyo haihitaji jumba la mabilioni wala mfadhili. Chumba kimoja Buhemba kinatosha, na kwenye kabati la kwanza iwekwe mikataba ya Meremeta, kama imeshakoma kuwa siri.