Mwarobaini huo ni mwarobaini kweli?

BARUA nyingi zinazofika katika ukumbi huu huuliza jambo lilo hilo kwa njia mbalimbali: fulani ameniambia kwamba jani fulani linaponya, je, ni kweli? Ya juma hili imetoka kwa mama mmoja wa Kiambu. Mtoto wake wa miezi saba amekuwa akishikwa na joto jingi usiku, na jirani amemshauri achemshe majani ya mwarobaini ulio kando ya ua, ampe mtoto vijiko viwili asubuhi na viwili jioni. Anauliza: "Dada, vijiko viwili si vingi kwa mtoto mdogo hivyo?"

Nilimpigia simu siku iyo hiyo, kwani joto la mtoto mchanga halingoji Jumapili. Nilimwambia ampeleke zahanati kwanza, mazungumzo ya majani baadaye. Lakini swali lake linastahili kujibiwa hadharani, maana najua si yeye peke yake mwenye sufuria jikoni na jirani mwenye ushauri.

Tuanze na mti wenyewe. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi na nchi zilizo karibu nalo. Uliletwa kwetu ukaipenda sana pwani, na leo ukitembea Mombasa, Malindi, Lamu au Kwale utaukuta barabarani, misikitini na shuleni, watu wakipumzika chini ya kivuli chake. Jina lake latokana na imani kwamba hutibu maradhi arobaini. Hesabu hiyo sijawahi kuiona ikikamilishwa na mtu yeyote, lakini matumizi yake ni mengi kweli. Majani huchemshwa, maji yakaogewa na mwenye upele au tetekuwanga ili kutuliza mwasho. Kijiti chake ni mswaki. Majani makavu hufukizwa jioni kufukuza mbu. Wakulima huyakausha kivulini na kuyachanganya na nafaka ghalani ili wadudu wasiishambulie, na katika miaka ya 1990 taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE ilishughulika kuwafundisha wakulima wetu namna ya kuitumia mbegu ya mti huu dhidi ya wadudu waharibifu. Ndani ya mbegu hiyo mna kemikali inayomfanya mdudu asile na asikue. Yaani huu si mti wa mzaha.

Sasa tatizo. Mwarobaini hupenda joto na nchi ya chini. Katika baridi ya Kiambu, Nyeri au Limuru hausitawi vizuri. Hata hivyo, nenda huko uulize mwarobaini, utaonyeshwa miti kadha kabla hujamaliza swali. Aghalabu mti unaoonyeshwa ni binamu yake, ambao wataalamu huuita Melia azedarach. Ulipandwa kwa wingi kwa ajili ya kivuli, maua na kuni, na kwa kuwa sura zao zinakaribiana watu wakaupa jina la nduguye. Matunda ya binamu huyo yana sumu. Mtu akiyala huweza kutapika, kuharisha, kutetemeka na hata kushikwa na degedege. Nguruwe wameyala wakafa. Ndege huyala bila shida, na hilo limewadanganya wengi.

Kuitofautisha miti hii si kazi ngumu, ila sharti ulishike jani mkononi. Jani la mwarobaini wa kweli lina kijiti kimoja tu, na vijani vimejipanga pande zake mbili mithili ya mbavu za samaki. Kila kijani kimepinda kidogo kama mundu na kingo zake zina meno kama ya msumeno. Jani la yule mwingine limegawanyika mara mbili, wakati mwingine mara tatu: kijiti kikuu kinazaa vijiti vingine, na vijani viko juu ya hivyo vidogo. Tazama maua pia. Ya mwarobaini ni meupe, ya binamu yake ni ya zambarau. Tunda la mwarobaini limerefuka kama zeituni ndogo. La mwenziwe ni duara kama gololi, na hubaki likining'inia mtini hata majani yakiisha kupukutika. Kokwa yake ina tundu katikati, ndiyo maana watoto huitunga uzi wakafanya shanga. (Wasomaji wa Ukambani wasichanganyikiwe: mukau wao ni jamaa mwingine wa ukoo huo, nao sifa yake ni mbao.)

Kwa hiyo kabla ya kuuliza vijiko vingapi, mama wa Kiambu alipaswa kuuliza ni mti gani. Tuseme basi ni mwarobaini halisi, umetumwa na shangazi kutoka Kilifi. Je, mtoto wa miezi saba apewe?

Asipewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kama dawa ya magonjwa madogo madogo. Muda si muda walitapika, wakalegea kwa usingizi mzito, wakashikwa na degedege, na ini na ubongo vikadhurika. Wako waliokufa. Hayo yalikuwa mafuta ya mbegu, ambayo ni makali kuliko maji ya majani, lakini kwa mtoto ambaye ini lake bado ni changa sioni sababu ya kujaribu ukali huo uko wapi. Mama mjamzito naye auepuke kabisa kwa kunywa, maana unaaminika kuweza kuharibu mimba. Kuogea ni jambo tofauti.

Halafu kuna joto lenyewe. Wengi wetu tukisikia joto tunasema malaria, na tukisema malaria tunawaza kitu kichungu. Lakini huko Kiambu malaria si nyingi kama ilivyo Busia, Kisumu au Kwale. Joto la mtoto laweza kuwa nimonia, sikio, au uchafu katika mkojo, na hakuna jani chungu litakalotibu nimonia. Na ikiwa kweli ni malaria, mtoto aliye chini ya miaka mitano anaweza kuzidiwa katika siku moja au mbili. Kipimo cha damu kwenye zahanati huchukua dakika chache tu, ilhali siku tatu za kungoja mwarobaini ufanye kazi hazirudi.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba naidharau miti shamba kwa kuwa nimesoma. La hasha! Dawa yenyewe ya malaria tunayopewa hospitalini leo chimbuko lake ni jani. Kenya iliamua mwaka 2004 kuachana na dawa zilizokuwa zimeshindwa na vijidudu na kuingia katika dawa ya mseto, ambayo mojawapo ya viungo vyake hutoka katika ukoo wa artemisinini. Hiyo ilipatikana kwenye mmea wa Kichina uitwao Artemisia annua. Mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria katika vitabu vya tiba vya kale. Yeye na wenzake waliujaribu mmea huo, mara ukafaa, mara ukashindwa. Ndipo alipokisoma tena kitabu cha mganga Ge Hong, kilichoandikwa yapata miaka 1,600 iliyopita, akaona kwamba mzee huyo hakusema mmea uchemshwe. Alisema uloweshwe majini, ukamuliwe, maji yake yanywewe. Moto ulikuwa ukiiua dawa! Tu alibadili njia, akatoa dawa bila joto kali, na mwaka 1971 akapata aliyoitafuta. Mwaka 2015 alituzwa Nobel.

Mimi hukipenda kisa hiki kwa sababu kinamheshimu mganga wa kale na pia kinamsuta yule anayedhani kwamba kuchemsha chochote kwa muda wowote ni dawa. Kisa chenyewe kina mkia. Watu wengine sasa huupanda mmea huo na kunywa chai yake. Shirika la Afya Duniani, WHO, halikubali hilo, kwa kuwa kiasi cha dawa katika kikombe hakijulikani, nacho aghalabu ni kidogo. Dawa kidogo haiui vijidudu vyote, na vilivyobaki hujifunza kuishi nayo.

Basi ni miti gani ambayo mama wa kawaida anaweza kuitumia bila hofu kubwa? Ipo. Tangawizi iliyopondwa na kuchemshwa hutuliza kichefuchefu na koo linalowasha, na ukiongeza asali utamu huo nao hupunguza kikohozi. Ila asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Mchaichai ni kinywaji cha kupendeza, sina zaidi. Majani machanga ya mpera huchemshwa karibu kote nchini kwa ajili ya tumbo la kuendesha, na yana ukakasi unaosaidia. Lakini mtoto anayeharisha hauawi na kuharisha kwenyewe, huuawa na kuishiwa na maji. Kwa hivyo hata ukimpa mpera, mpe pia maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kipimo hiki ukizidishe chumvi utamdhuru.

Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi kulirudi kwa kishindo mwaka 2020 wakati wa korona, blanketi na karai kila nyumba. Mvuke huo hukupa nafuu ya pua iliyoziba. Haukuponya korona, na mtoto mdogo asiingizwe chini ya blanketi lenye karai la maji ya moto, kwa sababu akilipiga teke ataungua vibaya.

Mshubiri, ambao Wajaluo huuita ogaka, una vitu viwili ndani ya jani moja na wengi hawavitenganishi. Ute ule mweupe wa katikati ndio unaotuliza ngozi iliyoungua kidogo. Maji ya manjano yaliyo chini tu ya ganda ni mengine kabisa: ni machungu, na huendesha tumbo kwa nguvu. Mwenye mimba asiyanywe.

Wanaougua sukari nawaomba wasikilize kwa makini. Karela na majani ya mlonge, au mzunze kama wasemavyo wengine, huweza kuteremsha sukari mwilini. Mtu akivitumia kwa wingi huku anameza vidonge vya hospitali, sukari yaweza kushuka mno, akatokwa na jasho, akatetemeka, akazimia. Daktari naye hatajua sababu, kwa kuwa mgonjwa ameficha. Tunaficha kwa kuogopa kukaripiwa, na kusema kweli wako wahudumu wanaokaripia. Sema tu. Afadhali zaidi, beba tawi la huo mti katika mfuko uende nalo, kwani jina la mti hubadilika kutoka mlima mmoja hadi mwingine ilhali jani halibadiliki. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyechapisha kitabu chake cha mimea ya tiba ya Afrika Mashariki mwaka 1976, ilimbidi aandike majina ya mmea mmoja katika lugha kadha wa kadha ili watu waelewane.

Nimalizie kwa miti inayotoa dawa ya gome, kwani hiyo inaisha. Muiri, mti wa misitu ya Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Kakamega, gome lake husaidia wanaume wazee wenye shida ya kukojoa kutokana na tezi dume. Ulaya waliligundua hilo miaka mingi iliyopita na gome likasafirishwa kwa magunia, hata ikabidi mwaka 1995 biashara yake iwekwe chini ya mkataba wa CITES unaolinda mimea na wanyama walio hatarini. Muthiga, ambao Wamaasai huuita osokonoi na Wakalenjin soget, hutafunwa kwa jino linalouma, mafua na kifua. Ukali wake ni kama wa pilipili.

Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia ndani ya gome. Ukibambua gome kuuzunguka mti mzima umeikata njia hiyo, na mizizi hufa kwa njaa. Mchumaji mwenye adabu hutoa kipande upande mmoja tu, kisha huuacha mti upone kwa miaka. Ila kwa muthiga kuna njia iliyo rahisi zaidi: majani yake nayo yana ukali ule ule. Jani moja au mawili ya kutafuna yanatosha kwa koo, na kesho mti bado umesimama. Miche yake hupatikana katika vitalu vingi vya nyanda za juu. Hukua polepole, kwa hivyo anayetaka kuchuma majani miaka michache ijayo aupande mvua hizi zitakapoanza, mbali kidogo na ukuta wa nyumba, na azungushie miiba kwa sababu ya mbuzi.

Juma lijalo, tukijaliwa, nitajibu barua tatu zilizouliza kuhusu mkwaju na tumbo lililofunga.