Kikohozi cha Ipogolo na swali ambalo halikuulizwa

Juzi jioni nilikuwa Ipogolo, pale malori yanapopumzika kabla ya kuendelea na safari ya Mbeya na Tunduma. Nikaingia duka la dawa kununua Panadol. Mbele yangu kulikuwa na dereva mmoja, mtu mzima, anakohoa mpaka anashika kaunta. Koti lote linanuka fegi. Kijana wa dukani akampa dawa ya kikohozi, akapokea hela, basi. Mzee hajavuka hata barabara, kawasha nyingine.

Jamani, simlaumu yule kijana. Nani alimfundisha kuuliza?

Wabongo wengi tukiumwa tunaanza na duka la dawa, daktari baadaye. Kwa hiyo mtu wa kwanza kukutana na mvutaji anayekohoa ni mfamasia au muuza dawa. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku, na kifungu cha 14 kinataka nchi ziwasaidie wanaotaka kuacha. Nani atawasaidia kama si hawa?

Kule California, Marekani, wanafunzi wa famasia wanafundishwa jambo hili kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Hatua ni tano: muulize kama anavuta, mshauri aache, pima kama yuko tayari, msaidie kupanga, kisha mfuatilie. Wanafanya mazoezi wao kwa wao, mmoja akiigiza mvutaji. Maana kumgusia mtu mzima sigara yake bila kumkaripia si mchezo.

Mtasema Chunya watu wanasomesha watoto kwa tumbaku. Kweli, na sijasema mashamba yafungwe. Nazungumzia mtu anayetaka kuacha na hajui aanzie wapi.

Mtasema pia dawa za nikotini hazipatikani. WHO waliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, lakini mimi nimezunguka maduka matatu mjini nikazikosa. Sawa. Na swali je, nalo linaagizwa nje?

Vyuo vyetu vya famasia, kuanzia Muhimbili mpaka vya diploma, viliweke hili kwenye mtihani wa vitendo. Aingie "mgonjwa" anayekohoa, ananuka moshi. Mwanafunzi akimpa chupa bila kumuuliza kama anavuta, arudie mtihani.

Yule mzee sasa hivi pengine yuko Tunduma. Chupa imeisha, kikohozi kipo.

Naomba kutoa hoja.